Nataka Kinachokwenda Moja kwa Moja

Ingia duka lolote la visahani vya gofu, vile vya plastiki vya kurusha, hapa Charlotte, Marekani, simama mbele ya rafu ya vile vya masafa ya kati, mwambie muuzaji unataka kimoja kinachokwenda moja kwa moja. Atakuletea vitano. Ukimwambia ni vingi mno, akupunguzie, ataondoa kimoja na kuleta viwili vingine. Kila kampuni inacho kisahani inachokisifu kwa kunyooka, na kila shabiki anacho anachokiapia. Kibaya zaidi, hakuna anayekudanganya. Mkononi mwake kweli kinanyooka.

Swali hili nimeletewa na wifi yangu. Alinicheka miaka, mtu mzima na kazi yake kurusha masinia msituni, mpaka Jumamosi moja akaja kunisindikiza na kurusha kimoja kwa kejeli tu. Sasa ananitumia meseji usiku nikiwa zamu. "Wifi, za kazi? Ninunue kipi? Nataka kinachonyooka, sitaki mambo mengi." Nimekuwa nikimjibu vipande vipande katikati ya kazi, naye analalamika kwamba kila kipande kinapingana na kilichotangulia. Basi hili hapa jibu zima, na kwa kuwa maswali ya namna hii naletewa na wengine pia, naliweka wote walione.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: gofu ya visahani inafuata taratibu za gofu ya kawaida, ila badala ya rungu na mpira una mkono wako na kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Unarusha kutoka kwenye kijukwaa, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kitulie kikapuni. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Baba wa mchezo huu kwa hesabu ya wengi ni Ed Headrick, Mmarekani aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California, mwaka 1975, na ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kufyatuliwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Sisi tuliolelewa pwani, ambako maiti huzikwa kabla jua halijatua, tutabaki tunalitazama jambo hilo kwa mbali.

Charlotte ni mji mzuri wa kuugulia ugonjwa huu. Viwanja viko kwenye bustani za umma, na vingi vinachezwa bure. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2012 ulifanyika hapa, na ndipo Paul McBeth alipotwaa taji lake la kwanza kati ya sita. Ukishuka kusini chini ya saa moja kwa gari unafika Rock Hill, ambako kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Winthrop huchezwa ubingwa wa Marekani tangu mwaka 1999. Lakini lililo la muhimu kwa hadithi yetu ni miti. Nenda Reedy Creek, au Hornets Nest, uone: misonobari mirefu, mialoni minene, na katikati yake njia nyembamba ambayo aliyeichora ni kama aliikosea heshima mikono yetu. Kwenye uwanja wa wazi unaweza kurusha kisahani kikazunguka huko kinakotaka, kisha kikarudi. Hapa kikitoka nje ya njia kwa hatua mbili tu, unausikia mti. Kila mtu uwanjani anausikia.

Ndiyo sababu watu wa huku huzungumzia visahani vya kati vinavyonyooka kama vile watu wa Tanga wanavyozungumzia nazi. Cha mbali, yaani draiva, kina ukingo mpana na mkali, kinahitaji mkono wenye kasi, na ukikinyima kasi hiyo kinakata kona mapema na kuzama. Cha kutumbukizia kikapuni kinanyooka vizuri sana, lakini kinachoka njiani. Cha kati ndicho cha kupenyeza kati ya misonobari: kinakwenda mbali kiasi cha kutosha, na ukingo wake mwembamba, karibu sentimita moja na robo, unaingia hata kwenye vidole vifupi kama vyangu.

Kabla ya kutaja majina, inabidi tukae kidogo kwenye sababu ya kisahani kupinda. Bila hili, namba zilizopigwa chapa juu yake ni mapambo.

Tuseme unatumia mkono wa kulia na unarusha mgongo wa mkono ukitangulia, kama tunavyorusha wengi. (Wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu, amezoea.) Ukikitazama kutoka juu, kisahani kinazunguka kufuata mishale ya saa. Hewa inakiinua, lakini nguvu hiyo ya kuinua haikai katikati kamili. Kikiwa na kasi kubwa na kimelala sambamba na njia yake, nguvu inakaa nyuma kidogo ya kitovu, kwa hiyo inanyanyua mkia na kutaka kuzamisha pua. Kasi ikipungua na kisahani kikaanza kushuka, hewa inakipiga zaidi kutoka chini, nguvu inasogea mbele, na sasa inataka kuinua pua. Hapo ndipo mzunguko unapoingilia. Aliyezungusha pia ya mti utotoni anakumbuka kwamba ukiisukuma kwa kidole ikiwa kasi, haiendi ulikoisukuma, inayumbia ubavuni. Kisahani nacho hakikubali kuzamishwa pua wala kuinuliwa pua. Badala yake kinalala ubavu. Nguvu ikiwa nyuma, kinalalia kulia. Ikiwa mbele, kinalalia kushoto. Basi safari nzima ya kisahani ni mivutano hiyo miwili: kulia kidogo mwanzoni, kushoto mwishoni.

Kinachoitwa kisahani cha kunyooka, kwa hiyo, hakijaepuka mivutano hiyo. Kimechongwa tu ili iwe midogo, au ili ule wa mwanzo na ule wa mwisho vifutane. Hakuna kisichopinda hata kidogo, maana kasi inabadilika tangu kinapotoka mkononi mpaka kinapogusa nyasi, na nguvu ya kuinua haitulii mahali pamoja. Anayekuuzia kisichopinda kabisa anakuuzia mkono wako ulivyokuwa siku moja ya bahati.

Mzunguko nao una kazi yake. Kadiri kisahani kinavyozunguka kwa nguvu ndivyo kinavyochelewa kulala ubavu. Ndiyo maana visahani vilevile vikirushwa na kijana wa timu ya chuo vinapita kama kwenye reli, na mkononi mwa mtu aliyeanza juzi vinatafuta kushoto kabla hata havijavuka mti wa kwanza. Hajaonewa na kisahani. Kifundo chake cha mkono bado hakijajifunza kuchapa.

Umbo la ukingo ndilo linaloamua yote hayo. Visahani vya awali vilikuwa na ukingo wa mviringo, kama vile vya watoto vya kuchezea ufukweni. Mwaka 1983 Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya visahani ya Innova, alitoa kisahani kilichoitwa Eagle chenye ukingo uliochongwa mwembamba, wa kukata hewa. Umbali ukaongezeka ghafla, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakichezea milimita: ukingo ukikaa juu zaidi, kisahani kinakuwa kikaidi, hakitaki kwenda kulia na mwisho kinashuka kushoto kwa nguvu; ukikaa chini zaidi, kinakuwa kilegevu, kinalalia kulia upesi.

Sasa namba. Juu ya visahani vingi utakuta nne. Ya kwanza ni kasi kinayohitaji, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kupinda kwa mwanzo, ambako namba ikiwa chini ya sifuri maana yake ni kulia, na ya nne ni kupinda kwa mwisho kuelekea kushoto. Mpango huu ni wa Innova, na kampuni nyingi zimeufuata. Lakini kila kampuni inajipimia yenyewe, hakuna mtihani wa taifa hapa. Moja ya huyu si lazima iwe moja ya yule. Nazichukulia namba kama ninavyochukulia saizi za viatu: zinakuonyesha rafu ya kuanzia, baada ya hapo ni mguu wako.

Tuvitaje. Buzzz ya Discraft, kampuni ya Michigan, imekuwepo tangu 2003 na pengine ndicho kisahani cha kati utakachokikuta kwenye mikoba mingi kuliko vyote: 5, 4, -1, 1. Mako3 ya Innova: 5, 5, 0, 0. Hex ya Axiom, wale wenye visahani vya rangi mbili ambavyo ukingo wake ni wa plastiki tofauti na sehemu ya katikati: 5, 5, -1, 1. Latitude 64, kampuni ya Wasweden iliyojiita kwa jina la latitudo ya mji wao wa kaskazini, ina Compass, 5, 5, 0, 1, na Fuse, 5, 6, -1, 0. Kando yao ninamweka mzee wa ukoo, Roc ya Innova ya mwaka 1987, 4, 4, 0, 3. Roc ikiwa mpya si ya kunyooka hata kidogo, inamalizia kushoto kwa kishindo, lakini nitaeleza kwa nini iko kwenye orodha.

Mtu akisoma namba hizo kwa akili ya kawaida atasema jibu limeshapatikana. Anayetaka kunyooka achukue sifuri na sifuri, Mako3, tufunge mjadala. Wifi alisema hivyohivyo. Mimi nasema hapana, na hapa ndipo tunapobishana mpaka chai inapoa.

Kisahani cha sifuri na sifuri hakiendi moja kwa moja. Kinakwenda ulikokielekeza. Ukikiachia kimelala sawa, kitakwenda sawa, kitashuka sawa, kizuri kukitazama. Ukikiachia kimeinamisha ukingo wa nje kidogo tu, kile wachezaji wanachokiita haiza, kitashika huo mwinamo na kukata kushoto tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikiinamisha upande wa pili, kitakwenda kulia na hakitarudi. Hakina maoni. Kwa mkono uliokomaa hiyo ni zawadi, maana unaweza kuchora kona yoyote unayotaka na kisahani kikakuachia uichore. Kwa mkono unaojifunza, ambao kila mrusho unatoka na mwinamo wake, kisahani kisicho na maoni kinatawanya mirusho pande zote na hakikufundishi ni wapi umekosea, kwa sababu kona ya kushoto ya leo inaweza kuwa ni mwinamo, inaweza kuwa ni pua, inaweza kuwa ni upepo.

Ninachokitaka mimi ni kisahani kinachonyooka kwa sehemu kubwa ya njia, kisha mwishoni kinapinda kidogo kushoto, kila mara kushoto, kila mara kiasi kilekile. Huo mpindo wa mwisho ni kitu cha kuegemea. Najua kikitua kitakuwa hatua chache kushoto kwa nilipolenga, basi nalenga hatua chache kulia. Nikiona leo hakikupinda, najua nimekitupa kimelalia kulia. Nikiona kimepinda mapema, najua pua ilikuwa juu. Wachezaji wengi wanaosema wanapenda kisahani cha kunyooka, ukiwachunguza, wanachopenda ni kukijua mwisho wake. Njiani kati ya misonobari, kujua ni bora kuliko kunyooka.

Buzzz inanipa hicho. Ile -1 na 1 zinafutana kwa sehemu kubwa, lakini mwisho bado una neno la kusema.

Lakini subiri, wifi, usikimbilie dukani. Namba zile zinadhania mkono wenye kasi fulani, na mkono wangu na wako sio huo. Ukirusha taratibu kuliko kisahani kinavyotarajia, kupinda kwa mwanzo kunafifia na kupinda kwa mwisho kunakua. -1 na 1 ya kwenye plastiki, mkononi mwangu ni kama 0 na kitu kinachokaribia 2. Ndiyo maana Buzzz kwangu inamalizia kushoto waziwazi, wakati kwa kijana mwenye mkono wa kasi inapita kama uzi, na kwa bingwa inaweza hata kulalia kulia kidogo kwanza. Kwa hiyo ushauri wa "nunua kile anachotumia fulani" ni ushauri wa kununua mkono wa fulani, nao hauuzwi.

Kwako wewe unayeanza, mwenye mrusho wa mita arobaini au hamsini, Buzzz itapinda zaidi ya unavyotaka na Compass itazidi hapo. Roc itakukasirisha. Kinachokufaa ni kile ambacho kwenye karatasi kinaonekana kilegevu: Fuse, -1 na 0. Kwa kasi yako ile -1 karibu itapotea, na mwishoni mkono wa taratibu utakuzalishia huo mpindo mdogo wa kushoto ambao karatasi inasema haupo. Zaidi ya hayo ile 6 ya kuelea inasaidia sana mtu asiye na nguvu. Kisahani kinakaa hewani kikikusubiri. Mwaka ujao, kasi ikiongezeka, Fuse hiyohiyo itaanza kulalia kulia, na hapo ndipo utajua umevuka, uje kwenye Buzzz.

Haya ni maoni yangu, na pale uwanjani kuna wanaoyapinga vikali. Hoja yao ni kwamba anayeanza akizoeshwa kisahani kilegevu atajifunza kukirusha kwa woga, akikiinamisha kushoto ili kisimtoroke. Naielewa. Ila nimewaona wengi zaidi walioacha mchezo kwa sababu kila kisahani walichopewa na waume zao kilianguka kushoto kwenye vichaka.

Plastiki nayo ni jambo, na hapa ndipo bei zinapotofautiana. Kisahani kimoja chenye jina moja hutolewa kwa plastiki mbalimbali. Ya chini kwa Innova huitwa DX. Kwa Discraft ni Pro-D. Ni rahisi, inashika vizuri mkononi hata kwenye baridi, lakini inachubuka. Zile za juu, kama Champion na Star, au Z na ESP, ni ngumu na zinadumu. Tofauti hii ina uzito zaidi kwenye viwanja vya miti, kwa sababu kila unapopiga mti ukingo unaumia, na ukingo ukiumia kisahani kinazidi kuwa kilegevu. Plastiki ya chini kwenye misonobari ya Charlotte hubadilika tabia mapema, ukabaki unajiuliza ni mkono umebadilika au ni kisahani.

Wazee wa mchezo walilifanya tatizo hili kuwa ujuzi. Ndiyo sababu nimeitaja Roc. Walikuwa wakibeba Roc tatu au nne za plastiki ya chini, za umri tofauti: mpya kwa upepo na kwa kona za kushoto, iliyopigwa miti ya kutosha kwa njia iliyonyooka, na kongwe iliyochakaa kwa kona za kulia. Kalibu moja, mshiko mmoja, visahani vitatu. Roc iliyozeeka vizuri, wanasema, hunyooka kuliko kitu chochote kinachotoka kiwandani leo, nami nimeazimwa moja nikaamini. Ukikuta moja kwenye kapu la mitumba dukani, imechubuka lakini haijapasuka wala kupinda, usiipite. Kwa bei ya chakula cha mchana unanunua miaka ya mtu mwingine ya kupiga miti.

Ila kwa anayenunua kimoja tu, achukue plastiki ya juu. Unataka kisahani kibaki kilekile ili ubadilike wewe.

Uzito: kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo tangu 1976, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Buzzz ina kipenyo cha sentimita 21.7, ndiyo maana nzito kabisa utakayoikuta haizidi gramu 180. Wanaume wengi hukimbilia hizo nzito. Nzito inavumilia upepo, ni kweli, lakini msituni upepo haufiki sana, na mkono wa taratibu unakipa kisahani chepesi kasi zaidi. Mimi natumia za gramu mia moja sabini hivi. Wifi atafute mia moja sitini na kitu kama zipo. Uzito huandikwa nyuma, wakati mwingine kwa kalamu tu, kwa hiyo kigeuze.

Na ukishakigeuza, kikague. Visahani vya kalibu moja havitoki mapacha. Plastiki ikipoa tofauti, kimoja kinavimba juu na kingine kinakuwa bapa. Kiinue mpaka usawa wa macho ukitazame kwa ubavu: kilichovimba kwa kawaida kinaelea zaidi, cha bapa kinatoka mkononi kwa usafi na kinashuka mapema. Tazama pia ule mstari mwembamba unaozunguka ukingo, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ukiviweka viwili vya jina moja sambamba na mstari wa kimoja ukawa juu kuliko wa mwenzake, huyo wa juu ndiye mkaidi. Kiweke mezani uone kama kimelala sawa. Halafu kishike kama unavyorusha, ufunge macho ukitaka. Kikikuumiza kidole dukani, baada ya vikapu kumi na nane utakichukia. Muuzaji hatakushangaa, wote tunafanya hivyo.

Kujaribu ni uwanjani, si msituni. Tafuta uwanja wa mpira usio na watu, siku isiyo na upepo. Upepo wa mbele unakifanya kila kisahani kiwe kilegevu, wa nyuma unakifanya kikaidi, utapata majibu ya uongo. Usikimbie kabla ya kurusha, simama tu. Rusha chini, urefu wa kichwa chako, kwa nusu ya nguvu. Usitazame kilifika wapi, tazama kilifanya nini katika theluthi ya mwisho. Kisha kiinamishe kushoto makusudi, uone kama kinaushika mwinamo au kinanyanyuka. Kisha kulia, uone kama kinarudi au kinaendelea kwenda. Hapo utakuwa umekijua kuliko namba zake zinavyokijua.

Na pua. Nimeiacha hadi hapa kwa sababu wifi hapendi kuisikia. Karibu kila anayelalamika kwamba kisahani chake kinakata kushoto anakirusha pua ikiwa imeinuka. Hewa inakipiga tumboni, kinapanda, kinapoteza kasi hewani, na kikishapoteza kasi kinafanya kile kila kisahani hufanya mwishoni: kushoto. Hakuna kalibu duniani inayotibu hilo. Kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea chini, kama unayemwagia mtu maji kwa birika, na uvute mkono ukiwa usawa wa kifua bila kuunyanyua. Kabla ya kutoa dola ishirini kwa kisahani kipya, tibu pua ya kile cha zamani. Inawezekana kilikuwa kinanyooka muda wote.

Wifi alisoma rasimu ya haya akaniuliza swali ambalo nilikuwa sijalifikiria kulijibu: rangi gani? Nikadhani anatania. Hatanii, na ana haki. Kijani usinunue, kiangazi hutakiona tena. Njano, chungwa na nyekundu ni nzuri mpaka Oktoba, majani ya mialoni yakianza kuanguka unakitafuta kisahani chako ukiwa umekikanyaga. Pinki ya kuwaka au samawati isiyo na aibu zinaonekana mwaka mzima. Cha kung'aa kupita mwanga, kile kinachoonekana kama kioo, kinapotea hata kwenye nyasi fupi. Tena angalia unapoingiza mkono vichakani, maana huku kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa wiki nzima, na nyoka wa rangi ya shaba anayependa kulala kwenye majani makavu. Tumia kijiti.

Amechagua Fuse ya pinki, gramu mia sitini na nane. Nimemwambia kabla ya kuirusha aandike jina na namba ya simu nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika, maana vijito vya huku vinameza sana, na wanaoviokota wengi hupiga simu.